Bi Mwalimu, mwanangu kazi yake kukimbia tu

Barua nyingi za mwezi huu zimekuja na jambo moja: watoto na michezo ya mbio. Likizo ya Agosti imefika, nyumba zimejaa miguu, na wazazi wamechoka. Nimechagua barua tano. Mbili nimezipunguza kwa sababu wenyewe walianza kunieleza ya mawifi, na hiyo ni safu ya mwenzangu wa ukurasa wa nyuma.

Salamu alaikum Bi Mwalimu. Nina mwana wa miaka 5 na nusu, yuko PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea. Akirudi chuoni aweka mfuko wake dakani, atoka mbio, hadi magharibi simuoni. Baba yake ataka likizo hii nimtie tuisheni ashike kusoma. Mavyaa wangu naye asema mtoto wa kukimbia vichochoroni ni mtoto asiye na mwenyewe. Nikimuuliza mwana leo mmefanya nini, jawabu ni moja: "Tulicheza nyama nyama." Huko kucheza kwamfunza nini?
*Mama wa Langoni, Lamu*

Wa alaikum salaam, mwanangu. Nianze na tuisheni kwani hiyo ni fupi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza masomo ya likizo. Mwambie mumeo, lakini mwambie akishakula.

Sasa huo mchezo. Kwa asiyeujua, mmoja husimama mbele na wengine wakamkabili. Akiita "Nyama ya ng'ombe!" wote huruka na kuitika "Nyama!" Ya mbuzi, nyama! Ya kuku, nyama! Mwito unazidi kasi, miguu inapata moto, kisha ghafla: "Ya punda!" Aliyeruka ametoka, na kicheko anachochekwa kinafika Mkomani.

Mtu mzima akipita huona watoto wanaoruka. Mimi nilipokuwa nafundisha chekechea, macho yangu yalikuwa kwa yule aliyebaki chini. Hebu itazame kazi aliyoifanya. Ameruka mfululizo, magoti yamekwisha kukunjika kwa mruko mwingine, mdomo u wazi, na wenzake kulia na kushoto wanainuka. Hapo hapo sikio limesikia "punda", akili imepekua kama huliwa au haliwi, na mguu umekamatwa kabla haujaacha ardhi. Mtoto wa miaka 3 kwa kawaida hawezi. Wa miaka 4 huweza mara moja moja, kisha akacheka kwa kujishangaa. Wa miaka 6 humtazama mwitaji usoni akijua mtego unakuja. Mbio na mruko mwanao amepewa na Mungu. Kusimama ndiko anakokwenda kujifunza huko nje, na ndiko atakakotakiwa darasani: asijibu kabla swali halijaisha, asipokonye penseli ya mwenziwe, asome herufi iliyoandikwa na si ile aliyoitarajia.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Huko Marekani, Megan McClelland na wenzake wana kipimo ambacho chenyewe ni mchezo: mtoto akiambiwa "gusa kichwa" anatakiwa aguse vidole vya miguu, na akiambiwa "vidole" aguse kichwa. Waliona kuwa watoto wanaokimudu huelekea kuwa mbele pia katika kusoma na hesabu. Usinielewe vibaya. Sisemi ukimrusha mwanao kutwa ataamka anajua kujumlisha. Nasema uwezo wa kujizuia unatumika pote pawili, na mwanao anaufanyia mazoezi kila alasiri kwa hiari yake. Kwenye tuisheni anayemzuia ni mwalimu. Kwenye nyama nyama anajizuia mwenyewe, tena kwa raha.

Na hayo ni ya mguu tu, bado ya ulimi. Siku moja nimekaa barazani, mchezo ukasimama kwa mabishano. Mwitaji alikuwa ametaja kasa; nusu wakaruka, nusu wakabaki. Mmoja akasema babu yake, mtu wa Kiunga, alikuwa akimla. Mwingine akasema kasa ni marufuku, ukimshika wafungwa, na hapo alisema kweli, sheria ya Kenya inamlinda. Wa tatu, kipande cha mtoto, akadai samaki si nyama, kwa hiyo hata papa asihesabiwe. Basi ikawa vurugu. Walibishana muda mrefu kuliko walivyocheza, mwisho wakakata shauri kwamba vya baharini vyote havitaitwa, wakaanza upya. Hakuna aliyekuja kuniuliza, na lau angekuja ningejifanya kiziwi.

Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alikaa na watoto wa Geneva na Neuchâtel akiwauliza juu ya mchezo wa gololi, na matokeo akayachapisha mwaka 1932. Wadogo walimwambia kanuni zimetoka kwa wakubwa na haziguswi. Wakubwa kidogo walikwisha kujua kwamba kanuni ni mapatano: wote wakikubali, hubadilishwa. Watoto wa ile baraza yangu walikuwa wanavuka hapo hapo, kutoka kundi la kwanza kwenda la pili, kwa ajili ya kasa. Mtu mzima akiingilia na kukata kesi, mchezo utaendelea vizuri sana na mafunzo yatakuwa yameondoka. Hili nalishika kwa meno: mchezo unaoamuliwa na mzazi ni somo la mzazi.

Mwulize mwanao pia kama wanacheza kibe. Mtoto mdogo kabisa akijificha huziba macho yake akadhani haonekani. Kujificha sawasawa kunataka ujue mtafutaji amesimama wapi, kutoka pale anaona nini, na kitu gani hakijui. Huko ni kuingia katika kichwa cha mtu mwingine. Na kwa watoto wa mji wetu kuna faida ya ziada: wanaujua mji. Kichochoro gani kinatokea nyuma ya msikiti, chini ya wikio gani (chumba kilichovuka juu ya kichochoro) kuna kiza mchana, ngazi gani haina mlango juu. Mtoto anayeweza kukichora kichwani kichochoro chenye kona nne hatapata tabu na ramani.

Ya mwili nayapita haraka kwa kuwa mnayajua. Kiungo kilichomo ndani ya sikio, kinachomwambia mtu kichwa chake kimeinama wapi, hupata kazi kila mtoto anapozunguka na kubiringika. Misuli ya mgongo na mabega ndiyo inayomshikilia kitini wakati mkono unaandika. Ukimwona mtoto ameulalia ubao wa meza huku kichwa kakiegemeza mkononi, mara nyingi ni mgongo umechoka. Walimu wenzangu humwita mvivu.

Mavyaa wako ana haki kwa jambo moja: vichochoro si vile alivyokulia yeye. Punda aliyepakiwa simenti hapindi kwa haraka, na bodaboda ndiyo kabisa. Basi mwekee mipaka anayoweza kuikumbuka: mpaka duka lile, mpaka mlango ule, pwani haendi bila mkubwa, na akisikia "Simile!" ajibane ukutani mchezo usubiri. Lakini kwamba hana mwenyewe? Langoni kila baraza ina macho. Afanye kosa moja uone kama habari haitafika jikoni kabla yake.

Mimi ni dereva wa tuktuk, naishi Barani hapa Malindi. Binti yangu ana miaka 9. Anaruka kamba na kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na watoto wa ploti, na wavulana hawamwezi. Jirani mmoja ananiambia msichana amekuwa mkubwa, nimweke ndani. Mimi naona bado mtoto, lakini sitaki kusemwa. Nishauri mama.
*Baba wa Barani*

Baba, nimefurahi umeandika wewe na si mkeo. Akina baba huniandikia juu ya karo tu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za harakati zinazomtoa jasho, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na mambo ya kuimarisha misuli na mifupa. Halikuandika "wavulana". Kwa binti hilo la mifupa lina uzito wake. Karibu robo ya mfupa atakaokuwa nao ukubwani huwekwa katika ile miaka 2 ya balehe ambayo mfupa hujengeka kwa kasi kuliko wakati wowote, na mfupa hujengeka zaidi unapogongwa na ardhi, kama unavyogongwa katika kuruka. Binti yako anakaribia umri huo. Ukimfungia ndani sasa, unamfungia kwenye msimu wenyewe.

Kamba ina elimu nyingine ambayo naipenda. Simama uitazame siku moja ukirudi kazini. Wawili wanazungusha, mmoja yuko nje anataka kuingia. Mwili wake unayumba mbele na nyuma, anahesabu bila sauti, anaiachia kamba ipite, na nyingine ipite, kisha anaingia. Yule anayekurupuka, kamba humpiga miguuni. Yule anayeogopa sana naye haingii, na foleni nyuma yake inapiga kelele. Wewe unayeingiza tuktuk barabara kuu wakati matatu za Mombasa zinapita, unaijua hesabu hiyo. Na wale wanaozungusha wasidharauliwe: lazima mikono ya wawili iende pamoja, na wakimwona anayeruka ni mdogo wapunguze kasi.

Kuhusu kusemwa: mnunulie suruali pana avae chini ya dira, muda wa kucheza uwe kabla ya magharibi, na mama yake au shangazi awe karibu na mlango. Ikiwa mchezo wa kati na wavulana unakupa tabu, kamba na wasichana wenzake inatosha. Mimi kwa miaka 9 nisingesumbuka. Jirani msalimie vizuri kila asubuhi na umwulize habari za watoto wake.

Bi Mwalimu, nina mjukuu wa miaka 4. Akitolewa mchezoni hulia na kujitupa chini, siku nyingine hurusha mchanga. Wenzake wameanza kumkimbia. Nimzuie kucheza mpaka akomae?
*Bibi wa Shela*

Bibi mwenzangu, ukimzuia atakomaa kwa kitu gani?

Michezo mingi ya kutoana ina kasoro moja ambayo walimu tungeirekebisha zamani tungetaka. Anayekosea mapema ndiye anayekaa chini mapema, na huyo ndiye aliyehitaji kurudia zaidi ya wote. Hodari anacheza mpaka mwisho, asiyejua anatazama. Kwa hiyo badilisha kanuni moja tu, na uwaombe wale wakubwa wao wakusaidie: anayekosea asitoke, awe mwitaji. Mjukuu wako atasimama mbele aite, awatege wenzake, acheke, na baada ya miito michache arudi. Machozi mengi hukauka hapo. Au wamkubali awemo bila kuhesabiwa, kama wadogo wa mtaa walivyokuwa wakikubaliwa zamani. Watoto wa miaka 8 na 9 wana huruma kuliko tunavyodhani, mradi ombi lisije kwa sauti ya amri.

Mrusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, aliliona jambo ambalo mimi nimelishuhudia kila mwaka wa kazi yangu: mchezoni mtoto hutii kanuni inayopingana na tamaa yake, na hutii kwa hiari, kwa sababu akiivunja, raha yenyewe inakwisha. Mjukuu wako hajafika. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosimamia kujizuia, huendelea kukua mpaka mtu apite miaka 20, sembuse 4. Akilia, mbebe kando, usimhubirie, mwache atazame. Akiomba kurudi, arudi. Ya mchanga ni kesi nyingine: akirusha, siku ile basi, mkono mnaushika mnakwenda nyumbani. Jicho la mtu halina badala.

Umri wake unataka dakika 180 za harakati kwa siku, na 60 kati yake ziwe za nguvu. Unaishi Shela, una ufuo na vilima vya mchanga nyuma ya nyumba. Mpandishe kilimani abiringike mpaka chini, tena na tena. (Vilima hivyo ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji wa Lamu, kwa hiyo wanaotaka kuvijengea nyumba za wageni wangewaachia watoto.)

Mwanangu wa miaka 11 anacheza mpira kwenye simu hadi saa tatu kwa siku. Akiambiwa atoke husema huo nao ni mchezo. Si kweli?
*Mzazi, Mokowe*

Kwa kidole gumba, ni kweli.

Nakuongezea sababu moja ambayo wazazi hawaitaji: macho. Huko Guangzhou, China, shule kadhaa ziliongeza dakika 40 za shughuli za nje kila siku kwa watoto wa darasa la kwanza. Baada ya miaka 3, watoto 30.4 katika kila 100 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Katika shule ambazo hazikuongeza kitu, walikuwa 39.5. Mnunulie mpira wa kweli. Ni rahisi kuliko miwani.

Mimi ni mwalimu wa PP2 kisiwani Pate, upande wa Faza. Nina watoto 48, chumba kimoja na mpira mmoja uliopasuka. Mtaala unataka shughuli za viungo na ubunifu. Nikiwatoa nje, mwalimu mkuu analalamika kelele zinawasumbua wakubwa. Nifanye nini?
*Mwalimu wa Faza*

Mwalimu mwenzangu, fanya polepole.

Sisi tumezoea kuamini kwamba mchezo wa viungo ni kasi na makelele. Mwambie mtoto wa miaka 5 atembee kutoka ukuta hadi ukuta pole kuliko wote, asisimame wala asiguse mtu, uone jasho litakavyomtoka. Polepole ni ngumu kuliko mbio, kwa kuwa kila hatua ni ya kuamua. Anayefika mwisho ndiye mshindi. Hapo utawapenda watu 48 wakiwa kimya.

Tafuta twari, hata la zamani lenye ngozi iliyolegea, Pate hamkosi. Likilia, watembee. Likinyamaza, wawe mawe. Fanya hivyo siku kadhaa mpaka waizoee, kisha geuza: likilia wawe mawe, likinyamaza watembee. Utaona nusu ya darasa imechanganyikiwa na wanacheka kwa kubana midomo. Wakiizoea hiyo pia, ongeza la tatu: pigo moja wainame, mapigo mawili wasimame kwa mguu mmoja. Usiongeze kanuni mpya kabla ya zile za kwanza hazijakaa, na usiache kanuni zile zile muda mrefu, kwa sababu mchezo ukishakuwa mazoea haufanyi kazi tena. Kwa watoto 48 usiwachezeshe wote. Wagawe mara mbili, nusu wacheze na nusu wawe waamuzi, kila mmoja na mtu wake wa kumtazama. Mwamuzi wa miaka 5 ni mkali kuliko jaji wa Mombasa, na kwa kumtazama mwenziwe anajifunza kanuni bila kuinua mguu.

Huo mpira uliopasuka ujaze makumbi na matambara, uushone. Usiodunda ndio mzuri kwa wadogo, haukimbilii baharini. Wapange duara, kila anayerusha ataje jina la anayemrushia kabla haujatoka mkononi. Wiki ijayo asitaje, atazame tu machoni.

Ijumaa wape wao. Waambie mchezo ni ule ule lakini kanuni moja waibadilishe wenyewe, kisha uende ukasimame mlangoni na daftari. Andika nani alipendekeza, nani alikataa, wakakubaliana vipi. Mwalimu mkuu akiuliza ripoti ya shughuli za viungo, mpe hilo daftari.

Mwezi ujao ni usingizi wa mchana: nani alale, nani aachwe. Barua ziandikwe kwa mwandiko unaosomeka, na za mawifi zipelekwe ukurasa wa nyuma.